Pacha wa Sukari

Miaka kumi na tisa napika kashata Buguruni,
jiko moja la mkaa, sufuria moja iliyopinda mdomo.
Naijua sukari kwa sauti yake:
huanza na makelele, kisha inanyamaza, inakuwa nzito,
inashika uzi kati ya vidole,
na hapo unamwaga nazi, usichelewe.
Nilidhani naijua.

Kisha mdogo wangu Siwema akapapasa kipunje titini,
kama njugu, alisema.
Alipopata moyo wa kunionyesha
kilikuwa kama kokwa la tende.

Majirani ni madaktari wasiodaiwa cheti.
"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Pazi,
"na chako wewe ni sukari."
Wakamnyima chai. Wakamnyima ndizi mbivu.
Mimi wakanitazama mikono.
Usiku ule niliisugua kwa majivu,
mara tatu,
kama mtu aliyeua.

Erasto, mpangaji wa chumba cha uani,
anafanya kazi maabara kule Muhimbili
na anakula kashata zangu kwa mkopo.
Alilamba kidole, akasema:
"Bi Sikujua, uvimbe unakula sukari, ni kweli.
Lakini Siwema akifunga, mwili utaipika wenyewe,
utabomoa nyama yake kutafuta kuni,
na uvimbe ndio utakaotia mkono chunguni kwanza.
Hauna haya ule."

Akachukua gazeti la kufungia, akachora.
Pembe sita. Vijikono vimetoka pembeni.
"Huyu glukosi. Huyu pacha wake, manosi.
Tazama vizuri."
Nikatazama. Sikuona kitu.
"Mkono huu mmoja. Mwenzake ameushusha,
huyu ameuinua."
Basi. Tofauti yote ndiyo hiyo.

Anapita mlango uleule, bawabu hamshuku.
Akishaingia anafungwa kufuli, hatoki, haliki,
amekaa mlangoni mwa jiko, miguu ameinyoosha,
na sukari ya kweli inashindwa kufika motoni.
Seli imeshiba jina,
haijashiba chakula.

Kwa panya, alisema, uvimbe ulipunguza mwendo,
na dawa zilipofuata ziling'ata zaidi.
Si kwa wote.
Kuna seli zenye kimeng'enya cha kumgeuza pacha mkono;
hizo humla naye pia, zikaramba sahani.

Nikamuuliza: anauzwa wapi? Kilo shilingi ngapi?

Erasto akaacha kutafuna.
"Bado ni panya, Bi Sikujua.
Panya si Siwema.
Mtu akikuuzia, mfukuze.
Mpeleke dripu yake, usikose hata siku moja."

Nilimchukia wiki nzima.
Mtu anakuonyesha ufunguo
halafu anakwambia nyumba haijajengwa.
Lakini gazeti sikulitupa.
Nililibandika ukutani juu ya jiko,
likaanza kuwa la kahawia kwa moshi.

Dripu ya nne, Ocean Road, wodi inanuka dawa ya sakafu.
Siwema amefunga kitenge kichwani, nyusi hana.
"Mdomoni nina ladha ya sarafu," akasema,
"kama nimelamba chenji ya konda."
Nikafungua karatasi kwenye mkoba
huku namtazama nesi kwa jicho la wizi.
Nesi akaona. Akasogeza stuli.
"Ale, mama. Kinachopita, kipite."

Siwema akaimega kashata kwa meno ya pembeni,
akaitafuna polepole, polepole mno,
nami namsubiri kama msimamizi wa mtihani.

"Umeiunguza," akasema.

Ni kweli.
Sukari ilishashika uzi, ikapitiliza,
na mimi nimesimama na mwiko hewani,
natazama gazeti,
nautafuta ule mkono.

Akameza. Akanyoosha kiganja.
"Kuna nyingine?"